Beta ya Ubuntu 24.04 katika maabara ya chuo: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu chuo kimoja cha ufundi Tanzania bara kilichoijaribu beta, yaani toleo la majaribio, ya mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 mwezi Aprili 2024, kabla ya kubadilisha mfumo wa maabara yake yote ya kompyuta. Jina la chuo, mkoa na majina ya wahusika yameondolewa, pamoja na alama nyingine ambazo zingeweza kuwatambulisha. Niliifuatilia kazi hii kwa karibu kama mshauri wa nje, na nimepewa ruhusa ya kuieleza.

Ninaiandika kwa sababu shule na vyuo vyetu vingi huishughulikia beta kwa njia mbili tu. Ama wanaikimbia kabisa na kusubiri wengine waumie kwanza, au wanaisakinisha, wanatazama mandhari mapya, wanabofya huku na kule kwa nusu saa na kusema iko sawa. Chuo hiki kilifuata njia ya tatu: kiliikabidhi beta kazi za kila siku za maabara, mikononi mwa watu wanaozifanya, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha mambo. Si kila kitu kilikwenda vizuri.

Hali ilivyokuwa

Maabara ina kompyuta zipatazo 30, karibu zote za mtumba. Baadhi zina RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Zile za safu ya nyuma zina gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Zote zilikuwa zikitumia Ubuntu 20.04, ambayo huduma yake ya kawaida ya masasisho ilikuwa inaisha mwaka 2025. Wanaozitumia ni wanafunzi wa uhasibu, wa programu za ofisi na wa Python. Anayezihudumia ni fundi mmoja, chini ya mkuu wa idara ya TEHAMA.

Intaneti ya chuo inatoka kwenye ruta ya laini ya simu, na inajazwa bando. Kwa sababu hiyo fundi alishatengeneza seva ndogo ndani ya maabara inayohifadhi paketi za Ubuntu, yaani mafungu ya programu na masasisho yake. Kompyuta ya kwanza ikipakua paketi, nyingine zinaichukua hapo hapo bila kugusa bando. Naomba msomaji aishike seva hii akilini, kwa sababu ndiyo iliyoleta tatizo kubwa kuliko yote.

Kutoka 20.04 huwezi kuruka moja kwa moja hadi 24.04, ni lazima upitie 22.04 kwanza. Kwa kompyuta 30 za mtumba hiyo ni kazi ya kukesha, kwa hiyo walikubaliana mapema kusakinisha upya. Swali lililobaki lilikuwa toleo gani. Fundi alitaka 22.04, lililokuwa limeshazoeleka kwa miaka 2. Mkuu wa idara alitaka 24.04, kwa hoja ya miaka: matoleo haya ya muda mrefu ya Ubuntu hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5, hivyo 22.04 lingewafikisha 2027 na 24.04 lingewafikisha 2029. Chuo kina likizo ndefu moja tu kwa mwaka ambayo maabara inaweza kufumuliwa. Kusakinisha mara mbili ndani ya miaka michache ni gharama ambayo hakuna aliyeitaka.

Lakini 24.04 lilikuwa halijatoka. Tarehe rasmi ilikuwa 25 Aprili, na likizo ilikuwa inaanza Juni. Mkuu akaamua: tuijaribu beta, na mwisho wa Aprili tuchague kwa ushahidi, si kwa hisia.

Machi, na habari ya xz

Walianza kabla ya beta yenyewe, kwa matoleo yanayojengwa kila siku, ili kuzoea kisakinishi kipya na kuona kama vifaa vya kompyuta vinatambuliwa. Kompyuta mbili zilitengwa. Jaribio la kwanza lilikwama katikati ya usakinishaji, na lawama zikaenda kwenye mfumo. Fundi alipolinganisha alama za SHA256 (alama za kuhakiki kwamba faili ni kamili) za faili lililopakuliwa na zile zilizochapishwa, hazikufanana: faili la zaidi ya gigabaiti 5, lililopakuliwa kwa bando la usiku, lilikuwa limeharibika njiani. Alitumia zsync kulirekebisha. Programu hiyo hulinganisha faili ulilonalo na lile lililoko kwenye seva, kisha hupakua vipande vinavyotofautiana tu. Kwa anayelipia kila gigabaiti, hiyo ni zana ya kuijua. Na tangu siku hiyo ikawa sheria: hakuna flashi inayotengenezwa kabla ya alama kulinganishwa.

Kisha ikaja tarehe 29 Machi. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yamepandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mfumo. Alichoshtukia mwanzoni ni kwamba kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulikuwa kunachelewa kwa takribani nusu sekunde na kula prosesa kuliko kawaida. xz ni programu ya kubana mafaili, na maktaba yake, liblzma, wakati huo ilikuwa ikifika hadi ndani ya huduma ya SSH katika mifumo kadhaa ya Linux. Aliyepandikiza alijiita Jia Tan, na alikuwa ameshajenga uaminifu ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka 2.

Kwa Ubuntu, paketi yenye sumu ilikuwa imefika kwenye eneo la kusubiria tu, noble-proposed (noble ni jina la utani la 24.04), na haikuingia katika hazina kuu ya 24.04, yaani ghala la paketi zake. Hata hivyo Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, waliamua kuzijenga upya, katika mazingira mapya, paketi zote zilizokuwa zimejengwa tangu msimbo ule uingie kwenye xz mwishoni mwa Februari. Beta iliyopangwa kutoka tarehe 4 Aprili ikasogezwa hadi 11 Aprili.

Katika maabara hofu ilikuwa kubwa. Mwanafunzi mmoja wa Python, aliyekuwa akimsaidia fundi, aliuuliza mfumo una toleo gani la liblzma na kuona 5.6.1 kwenye skrini.

"Kaka, imo humu! Hii hapa, 5.6.1."

"Soma mpaka mwisho wa mstari, mdogo wangu."

Mstari kamili ulisema 5.6.1+really5.4.5-1. Ni mbinu ya watunza paketi. Mfumo haukubali kirahisi kurudi kwenye namba ndogo, kwa hiyo wanaipa paketi namba kubwa kwa mbele na kutaja toleo la kweli baada ya neno lile la katikati. Walipoendesha amri ya xz --version, ilijibu 5.4.5, toleo lisilo na mlango wa nyuma.

Wengi wangeishia hapo. Mkuu wa idara hakuishia hapo. Aliagiza kompyuta zote mbili zifutwe na jaribio lisubiri beta rasmi. Sababu yake ilikuwa hii: kama wenye mfumo wenyewe wanazijenga upya paketi zao kwa kutaka uhakika, chuo hakina njia ya kupata uhakika zaidi yao kwa kutazama namba moja. Kufuta kompyuta mbili za majaribio kunagharimu asubuhi moja. Naukubali uamuzi huo kabisa.

Katika kufuta ndipo likaonekana jambo jingine. Kompyuta mojawapo ilikuwa na ufunguo wa SSH unaofungua seva ya matokeo ya wanafunzi, uliowekwa pale kwa urahisi wa kunakili mafaili. Hapakuwa na dalili yoyote ya uvamizi. Ufunguo ulibatilishwa siku hiyo hiyo na mpya ukatengenezwa.

Beta yenyewe na waliopewa kuijaribu

Beta ilitoka Alhamisi ya tarehe 11 Aprili, ikiwa na kerneli (kiini cha mfumo) ya 6.8, GNOME 46 (madirisha na menyu anazoziona mtumiaji) na Python 3.12. Safari hii mkuu alipanga watu tofauti. Badala ya fundi kujaribu kila kitu peke yake, aliwaita mwalimu wa uhasibu, mwalimu wa Python, karani anayechapa mitihani na wanafunzi watatu. Kila mmoja aliambiwa afanye kazi yake ya kawaida ya wiki hiyo kwenye kompyuta ya beta, kwa nakala za mafaili, na aandike kwenye daftari kila kinachomkwamisha, hata kama anadhani kosa ni lake. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na maana kubwa. Watumiaji wetu wengi kompyuta ikikataa hujilaumu na kunyamaza.

Mengi yalifanya kazi bila shida: sauti, projekta, LibreOffice, mtandao. Sitayaeleza. Yaliyokwama ndiyo yenye mafunzo.

Skripti iliyosema "tayari"

Fundi ana skripti anayoiendesha kwenye kila kompyuta mpya. Inafungua /etc/apt/sources.list, inatafuta anwani ya hazina ya Ubuntu, na kuweka mahali pake anwani ya seva ya ndani. Aliiendesha kwenye kompyuta za beta. Ikamaliza bila kulalamika na kuandika "tayari". Jioni aliziacha kompyuta zikisasisha paketi, akafunga maabara na kwenda nyumbani.

Asubuhi bando la chuo lilikuwa limekwisha. Ofisi ya mhasibu haikuweza kutuma malipo, na lawama ziliangukia "hiyo beta yenu".

Chanzo kilipatikana baada ya kufungua faili lenyewe kwa macho. Katika 24.04 orodha ya hazina imehamia kwenye faili jingine, /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, lenye mpangilio mpya wa mistari inayoanza na Types, URIs, Suites na Components. Lile faili la zamani bado lipo, lakini ndani yake kuna maelezo tu yanayosema orodha imehama. Skripti ililikuta faili, haikukuta anwani ya kubadilisha, na amri ya sed haihesabu hilo kuwa kosa. Kwa hiyo kila kompyuta ilienda kupakua moja kwa moja kwenye intaneti, ikiipita seva iliyo mita chache kutoka hapo.

Tazama aina ya hitilafu hii. Beta haikuharibika popote. Badiliko limekusudiwa na limeandikwa katika maelezo ya toleo. Kilichovunjika ni cha chuo chenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angekigundua kwa niaba yao. Kama wangesubiri toleo rasmi na kusakinisha kompyuta 30 kwa mpigo mwezi Juni, bando lingekwisha mara nyingi kabla ya mtu kushtuka.

Fundi aliiandika skripti upya kwa masharti mawili: ibadilishe faili jipya, na mwishoni iulize apt-cache policy, amri inayoonyesha paketi zinachukuliwa wapi, ili ihakikishe kwamba anwani ya seva ya ndani inaonekana kweli. Isipoonekana, iseme kwa sauti na isimame.

Programu ya uhasibu

Mwalimu wa uhasibu ndiye aliyeleta tatizo la pili. Anafundishia programu moja inayotolewa kama AppImage, yaani faili moja unalolibofya na kulifungua bila kusakinisha.

"Mwalimu, ilikuambia nini?" fundi aliuliza.

"Haikuniambia chochote. Nimebofya, kikazunguka kidogo, halafu kimya."

"Basi usibofye tena, mama. Ngoja tuifungulie kwenye terminali tuone inalalamika nini."

Ilikuwa inalalamika mara mbili. Kwanza, haikuiona libfuse.so.2. AppImage nyingi bado zinahitaji toleo hilo la zamani la FUSE (maktaba inayoiwezesha programu kufungua yaliyomo ndani ya faili lake), ambalo 24.04 halilisakinishi lenyewe. Katika hazina paketi yake sasa inaitwa libfuse2t64. Hizo herufi za mwisho zinatokana na kazi kubwa ya msimu ule ya kuandaa mifumo ya biti 32 kwa mwaka 2038, ambapo hesabu ya sekunde tangu 1970 itajaa nafasi iliyotengewa. Maktaba nyingi zilibadilishwa majina kwa ajili ya kazi hiyo. Tahadhari moja: mtu akisakinisha paketi inayoitwa fuse tu, badala ya maktaba hii, anaweza kung'oa vipande vya mfumo vinavyotegemea toleo jipya. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaiandika amri hiyo na kidole kiko juu ya Enter; fundi alimzuia.

Maktaba ilipopatikana, likaja lalamiko la pili: programu imeshindwa kujenga kizuizi chake cha usalama. Programu hii imejengwa juu ya Electron, zana ya kutengenezea programu ambayo ndani yake ni kivinjari cha Chromium, na Chromium hujifungia katika chumba chake kwa kutumia uwezo wa kerneli unaoitwa user namespaces. Uwezo huo umetumiwa mara nyingi na wavamizi, kwa hiyo kuanzia 24.04 Ubuntu inaunyima kwa kawaida programu yoyote ya mtumiaji wa kawaida isiyo na wasifu unaoiruhusu wa AppArmor, mlinzi wa mfumo anayeamua programu ipi iruhusiwe nini. Katika kumbukumbu za kerneli mstari ulikuwepo, wenye maneno apparmor na userns_create.

Hapa kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Mitandaoni ushauri ulioenea ni kuzima kizuizi chote kwa kuweka kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns kuwa 0. Ni mstari mmoja na tatizo linaisha. Mwalimu wa Python aliupendelea ushauri huo, maana alikuwa na darasa saa nane. Fundi alikataa: kuzima ni kuwafungulia wote mlango ili apite mmoja, na hii ni maabara ambayo wanafunzi huleta flashi zao kutoka kila mahali. Aliihamisha programu kwenye /opt, akaandika wasifu mfupi ndani ya /etc/apparmor.d/ unaotaja njia ya faili hilo peke yake, wenye flags=(unconfined) na neno userns, kisha akaupakia wasifu huo. Programu ikafunguka. Kizuizi kikabaki kwa vingine vyote.

Namsifu fundi kwa hili, na si kwa ufundi pekee. Shinikizo la "washa tu tuendelee" ndilo linalojaza maabara zetu mipangilio ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa nini.

Kwa upande wa Python mambo yalikuwa mepesi zaidi. Skripti ya kupanga orodha za madarasa ilitegemea distutils, maktaba ya zamani iliyoondolewa katika Python 3.12, ikarekebishwa kwa mistari michache. Karatasi za mazoezi zilizomwambia mwanafunzi aandike pip install, amri ya kuongeza maktaba za Python, zilikutana na ujumbe kwamba mazingira haya yanasimamiwa na mfumo. Mwalimu aliziandika upya kuanza na mazingira pepe ya venv (chumba cha pembeni cha maktaba za kila mradi), na kusema wazi kwamba hata bila beta alipaswa kufundisha hivyo.

Ripoti

Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kuandika ripoti ya hitilafu ya programu ya uhasibu. Ya kwanza ilisema: "Programu ya uhasibu haifanyi kazi kwenye beta." Mkuu aliirudisha na maswali manne: Kompyuta ipi na toleo lipi? Ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitarajia nini? Ulipata nini, kwa maneno yale yale ya skrini?

Ya pili ilichukua nusu ukurasa. Ilikuwa na namba ya kerneli, njia ya faili, ujumbe wa terminali ulionakiliwa wote, na sentensi muhimu kuliko zote: "Kwenye 20.04, faili hili hili linafunguka." Kabla ya kuituma alitafuta katika Launchpad, mahali Ubuntu inapopokea ripoti, na kukuta suala la programu kunyimwa namespaces limeshajadiliwa sana. Hakufungua ripoti nyingine. Alibonyeza sehemu ya kusema nasi tumeguswa, kisha ripoti yenyewe ikapelekwa kwa watengenezaji wa programu ya uhasibu, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuitoa pamoja na wasifu wake.

Uamuzi na matokeo

Toleo rasmi lilitoka tarehe 25 Aprili kama ilivyopangwa. Kompyuta za beta hazikuhitaji kusakinishwa tena kulifikia. Masasisho ya kawaida yalizifikisha hapo. Kikao cha mwisho kiliamua kwenda na 24.04, kikiwa na daftari mezani. Kila tatizo kubwa lilikuwa na dawa iliyokwisha kujaribiwa.

Kwa kompyuta za gigabaiti 4, GNOME ilikuwa mzigo. Majaribio ya mwisho ya Aprili yalionyesha kivinjari, LibreOffice na programu ya uhasibu vikifunguliwa pamoja vinaifanya diski isage mpaka kipanya kinagoma. Wakachagua Xubuntu 24.04, ndugu mwepesi wa Ubuntu asiyetumia GNOME, kwa safu ya nyuma na Ubuntu yenyewe kwa nyingine. Kazi ilifanyika Juni, na skripti mpya iliziunganisha kompyuta zote na seva ya ndani. Safari hii bando halikuguswa.

Wiki ya kwanza ya muhula, printa ya chumba cha mitihani ilikataa. Ni printa ya zamani yenye programu ya mtengenezaji, na ndani ya programu hiyo kuna kipande cha biti 32. Kwenye mifumo ya zamani mtu fulani, miaka mingi nyuma, alikuwa ameruhusu paketi za i386 kwa mkono bila kuandika popote. Karani aliambiwa achapie ofisini kwa siku mbili huku fundi akitafuta. Dawa ilikuwa dpkg --add-architecture i386 na maktaba chache.

Uchambuzi

Kilichobeba kazi hii ni uchaguzi wa wajaribu. Fundi peke yake asingeibofya programu ya uhasibu, au angeibofya mara moja na kuona dirisha la kwanza tu. Mwalimu anayeitumia kila siku aligundua ndani ya dakika tano. Kwa maoni yangu chuo chenye nafasi ya kuwapata watu watatu tu basi kiwachukue watumiaji watatu, na fundi abaki wa kusikiliza.

Printa ilipenya kwa sababu inayofanana na hiyo. Karani alijaribu kuchapa, na kwenye daftari aliandika "inachapa". Alichapia printa ya ofisini, mpya, isiyohitaji programu yoyote ya mtengenezaji. Jaribio liliorodheshwa kama kitendo, "kuchapa", badala ya kutaja kifaa na mahali. Orodha ya chuo sasa inataja kila printa kwa chumba chake.

Safu ya nyuma nayo ilijaribiwa kwa kuchelewa. Kompyuta za majaribio zilikuwa zile nzuri za gigabaiti 8, kwa sababu ndizo zilizo rahisi kufanyia kazi. Udhaifu wa kompyuta za gigabaiti 4 ulijulikana siku za mwisho, wakati ambapo hata kama ungekuwa hitilafu ya kuripotiwa, dirisha lilikuwa limefungwa. Hili la dirisha linahitaji kueleweka vizuri. Kwa kawaida kati ya beta na toleo la Ubuntu kuna kama wiki tatu, na takribani wiki moja ya mwisho milango ya marekebisho huwa imefungwa isipokuwa kwa mambo mazito. Kwa kucheleweshwa na xz, wiki tatu zilikuwa mbili. Anayeanza na kompyuta dhaifu siku ya kwanza anaweza bado kusikilizwa.

Kuhusu ufunguo wa SSH, uamuzi wa kufuta ulikuwa sahihi lakini ulikuja baada ya hatari kuwepo. Kanuni ya mashine za majaribio kutobeba funguo wala nywila za kweli ilipaswa kutangulia usakinishaji wa kwanza. Habari ya xz iliilazimisha tu ionekane.

Pa mwisho ninapotofautiana na chuo ni uamuzi wa kuwa na mifumo miwili. Ubuntu 24.04 ina miaka 5, lakini Xubuntu na ndugu zake wamepewa miaka 3, hadi 2027. Ile hoja ya 2029 iliyowaleta kwenye 24.04 haihusu safu ya nyuma. Juu ya hapo walimu sasa wanaandaa picha za skrini za aina mbili kwa somo moja, na wanafunzi hugombea viti vya mbele. Mimi ningeweka Xubuntu kwenye kompyuta zote na kupanga bajeti ya RAM kabla ya 2027. Mkuu wa idara anasema wanafunzi wake wanaajiriwa maofisini ambako watakutana na mazingira tofauti, na ni bora wazoee yote mawili wakiwa chuoni. Hatujakubaliana bado.